Gari la Mwalimu Taratibu

Mumewe alifia kazini, ndani ya gari, mkanda umefungwa. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa kuwa neno lake kubwa barabarani lilikuwa "taratibu, taratibu," wanafunzi walimbandika jina hilohilo, likamganda mpaka mtaani. Mkewe naye, bila kuulizwa, akawa Mama Taratibu.

Asubuhi ile alikuwa na mwanafunzi mmoja, muuza vitambaa, mama wa makamo ambaye mtihani wa barabarani ulikuwa umemshinda kila alipoujaribu. Siku hiyo aliendesha vizuri kuliko siku zote. Alikata kona, akarudi nyuma, akapaki, na mwalimu hakumkosoa hata kwa kuguna. Moyo wa yule mama ukajaa. Akaongeza mzunguko mwingine wa uwanja kwa raha zake, huku akisema, "Leo umenikubali, mwalimu." Alipozima injini na kugeuka ndipo akaona kwamba mwalimu hayupo tena. Kichwa kimeegemea kioo, mguu wa kulia umetulia pembeni ya breki.

Daktari alisema ni moyo, umesimama ghafla. Watu walisema mengi kuliko daktari. Mama Taratibu hakusema kitu. Alizika, akapokea watu, akawasindikiza watu, akafua mashuka waliyolalia ndugu wa mbali, akarudi kazini. Kila mtu alimsifu kwamba kapiga moyo konde, naye akawaacha wasifu, maana kuwaeleza ilikuwa kazi nyingine. Ukweli ni kwamba hakuwa amepiga chochote. Kifuani mwake kulikuwa kimya. Ilikuwa kama mdomo uliodungwa sindano kwa daktari wa meno: unajua ulimi upo, meno yapo, lakini ukijiuma husikii.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya mji. Humo ndani kulikuwa na mvuke, mashine zinazonguruma, na mashuka yasiyo na mwisho. Shuka hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe zake, mnavuta, mnakutanisha, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Mwenzake wa kukunjia alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Redio alihadithia habari za wodini, za majirani, za mume wake anayekoroma mpaka paka anahama. Zamani Mama Taratibu alikuwa akicheka mpaka shuka linamponyoka. Siku hizi alicheka pale anapotakiwa kucheka. Redio aliliona hilo, lakini aliendelea kuongea, pengine kwa kuogopa kimya kitakachobaki akinyamaza.

Gari lilikaa ubavuni mwa nyumba, limefunikwa turubai. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyelifunika. Shemeji alikuwa karani wa ghala la saruji, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, na ndiye aliyehangaika mahakamani mpaka Mama Taratibu akatambuliwa kuwa msimamizi wa mali za marehemu. Kitu kimoja tu kilimshinda maishani: kuendesha. Kaka yake alimfundisha mara moja, akagonga jalala. Jalala lenyewe halikuwa njiani, lilikuwa uwanjani kabisa, mbali na kila kitu. Tangu siku hiyo mwalimu alisema kuna watu Mungu kawaumba abiria.

"Shemeji," alisema siku moja ya mapumziko, akizunguka turubai kama mganga anayezunguka mgonjwa. "Gari likikaa bure matairi yanaisha. Betri nayo inakufa. Mimi siwezi kuliendesha, wewe huwezi, binti yako yuko mbali. Tuuze?"

"Tuuze," alisema Mama Taratibu.

"Usiniambie tuuze kwa kuwa mimi nimesema tuuze."

"Basi tusiuze."

Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Tuuze," akasema.

Redio ndiye aliyempata mnunuzi. Hospitali ilikuwa imeleta mashine mpya za kupiga picha za mifupa, na pamoja na mashine akaletwa mtaalamu wa kuzifunga na kuwafundisha watu kuzitumia, mwanamke mrefu wa nchi ya mbali, kwa mkataba wa miezi minane. Watu walimwita Mgeni, naye akalipokea jina. Kiswahili alikijua, ila alikisoma darasani, kikatoka kimenyooka kupita kiasi. "Akikusalimia," alisema Redio, "unajiona umepandishwa kizimbani."

Mgeni alikuja chumba cha kufulia mchana, akasimama mlangoni, mvuke ukimpanda kwenye miwani.

"Shikamoo, mama. Nimearifiwa kwamba una gari ambalo unakusudia kuliuza."

"Marahaba. Ndiyo, nauza."

"Lina kasoro gani?"

"Lina breki mbili," alisema Mama Taratibu.

Mgeni alifikiri kidogo. "Gari langu la mwisho halikuwa hata na moja," akasema.

Redio aliangua kicheko, shuka likaanguka kwenye maji. Mama Taratibu aliliokota, akalirudisha kwenye mashine. Baadaye alikumbuka kwamba alipaswa kueleza: gari lilikuwa la kufundishia, upande wa mwalimu lina breki na klachi zake. Akamweleza Mgeni jioni, walipokuwa wamesimama mbele ya gari lenyewe, turubai limekunjwa chini.

Mgeni hakulipiga teke tairi kama wanunuzi wengine. Alitandika gazeti, akaingia chini ya gari na tochi, miguu ikabaki nje. Kutoka huko chini akauliza maswali: mafuta yalibadilishwa lini, nani aliyechomelea hapa, kwa nini upande huu umekaza zaidi. Shemeji alijibu yale aliyoyajua na yale asiyoyajua. Mgeni alipotoka, nywele zimejaa vumbi, alisema gari limetunzwa na mtu mwenye subira. Bei walikubaliana bila kuvutana sana.

Hakuna aliyemwambia kuhusu kifo. Shemeji alidhani mwenye mali atasema. Mama Taratibu hakukusudia kuficha. Neno lilifika kooni, likakaa hapo, na hapakuwa na kitu cha kulisukuma.

Kulinunua gari ikawa ndiyo sehemu rahisi. Muuzaji alitakiwa kufika mwenyewe katika ofisi ya usajili, kwa hiyo Mama Taratibu alibadilishana zamu na wenzake, akaenda na Mgeni. Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni, labda kwa kuogopa watu watayabeba kwa hasira. Karani wa dirishani, mwanaume mwenye sauti ya pua, alipekua pasipoti na kibali cha Mgeni, akarudi mwanzo, akapekua tena.

"Wewe ni mkaazi au unapita?"

"Ninapita," alisema Mgeni, "lakini ninapita polepole. Miezi minane."

"Na unataka gari kwa jina lako."

"Inawezekana?"

"Inawezekana, kwa nini isiwezekane? Lete pasipoti na nakala yake, kibali cha kuishi na nakala yake, namba ya mlipa kodi, na barua ya kuonyesha unakaa wapi. Halafu hiki kibali kimekula herufi moja ya jina lako. Pasipoti inasema hivi, kibali kinasema vile. Mimi nimsajili nani?"

"Ni mtu mmoja."

"Najua ni mtu mmoja, dada yangu, nakuona. Ila taratibu lazima zifuatwe."

Mama Taratibu aliinua kichwa, kama mtu aliyeitwa. Kisha akakiinamisha tena.

Wakaenda idara ya uhamiaji kurudisha ile herufi. Wakaenda kodi. Wakaenda kwa meneja wa hosteli ya hospitali, ambaye hakuwa amewahi kuandika barua ya namna hiyo na aliogopa kwamba akiiandika atashtakiwa. Kila mahali palikuwa na foleni, na Mama Taratibu akagundua kwamba foleni zinamfaa. Kwenye foleni hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Unasogea mwenzako akisogea, unakaa akikaa. Mgeni alikuwa akihema, akitazama saa, akiuliza kwa Kiswahili chake cha mahakamani kama kuna matumaini. Mama Taratibu alikaa tu, mkoba mapajani, macho kwenye kisogo cha mtu wa mbele.

"Mama, wewe una subira ya ajabu," Mgeni alimwambia.

"Si subira," alisema.

Waliporudi kwa yule karani wa pua, kila karatasi imekaa mahali pake, alifungua jalada la gari lenyewe, akakuna kichwa.

"Matumizi ya gari: kufundishia udereva. Huyu mgeni anafundisha?"

"Hapana," alisema Mama Taratibu. "Mume wangu ndiye alikuwa anafundisha."

"Basi lazima libadilishwe liwe la binafsi. Na mkaguzi hawezi kulipitisha kuwa la binafsi wakati lina pedali za mwalimu. Nendeni zikatolewe, lipelekwe likaguliwe, ndipo mje kwangu."

Gereji ilikuwa ng'ambo ya mji. Siku zote hizo gari lilikuwa likiendeshwa na dereva wa hospitali kwa hisani, lakini siku hiyo dereva alikuwa na safari, na Mgeni akasema anayo leseni ya kimataifa, bima ya marehemu bado haijaisha, na gari hawezi kulizoea kwa kulitazama. Akaingia kwenye usukani. Mama Taratibu akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa mwalimu, akakaa.

Hakuwa amekikalia kiti kile tangu msiba. Alikaa kama mtu anavyokaa kwenye benchi la zahanati. Akangojea kitu kimpate. Hakikumpata. Akafunga mkanda.

Mgeni aliendesha kwa uangalifu, akijisemea kwa lugha yao. Kwao magari hupita upande mwingine wa barabara, na hilo alilijua vizuri, alikuwa akilirudia kwa mdomo kama sala. Kwenye barabara iliyonyooka hakukosea. Walipofika kwenye mzunguko wa soko, aliangalia kule alikozoea kuangalia, akaona kweupe, akaingia. Kutoka upande ambao hakuutazama lilikuwa linakuja lori la mchanga.

Gari likasimama wima. Mikanda iliwakata mabegani. Lori likapita mbele yao, likitetemesha vioo, honi imekazwa, na utingo juu ya mchanga akapiga kelele, "Mnaota?"

Mgeni alikuwa amekodoa macho, mikono imeganda kwenye usukani. "Sikukanyaga," alisema. "Mama, mimi sikukanyaga."

Mama Taratibu alitazama chini. Mguu wake, katika kiatu chake cha kazini chenye soli ya mpira, ulikuwa umeikandamiza breki ya mwalimu mpaka mwisho.

"Kumbe unajua kuendesha!"

"Sijui."

"Sasa umejuaje?"

Hakujua amejuaje. Siku za mapumziko mumewe alipokuwa akimtembeza, yeye alikaa hapohapo, na mumewe alipenda kumtania: ukiona nazembea nikanyagie. Hakuwahi kumkanyagia hata siku moja. "Rudi nyuma kidogo," alimwambia Mgeni. "Angalia kule. Sasa kule. Haya, nenda. Taratibu."

Mgeni alitetemeka mpaka gereji. Mama Taratibu alijipima: mikono imetulia, pumzi imetulia, moyo unadunda kama kawaida yake. Lori zima la mchanga, na moyo haukushtuka. Hilo ndilo lililomtisha, na hata kutishika kwenyewe kulikuwa kwa mbali, kama ugomvi wa majirani unaousikia ukutani.

Fundi wa gereji alikuwa mtu mkimya, mwenye ndevu zilizoshika grisi. Alipoliona gari alisimama, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hizi nilizifunga mimi," alisema. "Alisimama hapo hapo uliposimama, akasema, kaza, watoto wa watu wamo humu."

"Sasa zitoe," alisema Mama Taratibu.

Akazitoa. Alilala kwenye sakafu ya gari, akafungua nati moja baada ya nyingine, akakata fimbo ya chuma iliyounganisha breki ile na breki ya dereva, akaziba tundu kwa kipande cha bati na kukifunika kwa zulia. Alitoka na pedali mbili mkononi, soli zake za mpira zimelika upande mmoja.

"Nikufungie kwenye gazeti?"

"Za nini?"

"Kumbukumbu."

"Zitupe tu."

Fundi hakuzitupa. Aliziweka juu ya rafu, katikati ya plagi kuukuu na makopo ya rangi. "Basi zitakaa hapa," alisema, na malipo hakutaka. Mgeni akamwekea pesa chini ya spana, fundi akaziona, akajifanya hakuziona.

Mkaguzi alilipitisha gari bila maneno. Alikanyaga, akawasha, akazima, akachungulia pale zilipokuwa pedali, akagonga muhuri. Ikabaki bima, kwa kuwa ile ya marehemu isingeweza kumfuata mwenye gari mpya.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, ina baridi ya mashine na maua ya plastiki. Kijana wa bima alivaa tai na alipenda kazi yake. Aliwaeleza kwamba bima ndogo inamlipa yule utakayemgonga, bima kubwa inakulipa na wewe uliyegonga. Mgeni akasema, baada ya mzunguko wa soko, anataka kubwa. Kijana akasema kwa kawaida wanauza ya mwaka mzima, lakini kwa mtu anayepita watamkatia kulingana na kibali chake, kikiisha kibali na bima imeisha.

"Kwenu umewahi kupata ajali yoyote?"

"Nilimgonga bata," alisema Mgeni.

"Bata?"

"Alikuwa bata wa jirani. Alipona, lakini alikuwa na kinyongo."

Kijana aliangalia fomu yake, akatafuta mahali pa kumweka bata, hakupaona. Akamgeukia Mama Taratibu. "Na wewe mama, kama muuzaji: gari hili limewahi kupata ajali, moto, mafuriko, au tukio lolote?"

"Hapana," alisema. "Ila mume wangu alifia humo."

Alilisema vilevile kama alivyosema lina breki mbili. Kijana akaacha kuandika. Mgeni, aliyekuwa anatafuta kalamu mkobani, akaacha kutafuta.

"Aligongwa?" kijana aliuliza.

"Hakugongwa. Alikuwa amekaa tu, anafundisha. Moyo ukasimama."

"Alikaa kiti gani?" aliuliza Mgeni.

"Kile nilichokuwa nakalia mimi."

Mgeni aliinuka, akatoka nje kwenye ukumbi. Mlango ukajifunga wenyewe, polepole, kwa ile mashine yake ya juu. Kijana alilegeza tai.

"Mama, hilo wala hukuwa na haja ya kulisema."

"Umesema tukio lolote."

Kijana aliona ni kweli, alisema hivyo. Akapiga simu kwa mkubwa wake chumba cha pili, akaeleza kwa kunong'ona, akasikiliza, akakata. "Bosi anasema kifo si hitilafu ya gari," alisema. "Tunaweza kuendelea. Kama mteja bado yupo."

Mteja alikuwepo. Alirudi, akakaa, si kwenye kiti chake cha kwanza bali kwenye kile kilicho karibu na Mama Taratibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Ungeniambia, mama."

"Ndiyo. Ningekuambia."

"Ulikuwa unaogopa sitanunua?"

"Hapana. Sikuwa naogopa kitu." Alitafuta namna ya kulieleza. "Sikuwa na cha kunifanya niliseme. Mtu anasema jambo likiwa linamsukuma. Hili halinisukumi. Limekaa tu."

"Aliumia?"

"Daktari anasema hakuumia. Mwanafunzi wake hata hakujua. Alikuwa anaendesha vizuri siku hiyo, akafurahi, akamzungusha uwanja mzima, anaongea naye."

Mgeni alifungua mdomo ili aseme kitu, na badala ya maneno yakatoka machozi. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mrefu, katika ofisi yenye maua ya plastiki. Kijana wa bima aliinamia droo yake akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mama Taratibu alitoa kitambaa mkobani, akampa, akamtazama anavyolia, kwa makini, kama anatazama mtu akifanya kazi ambayo yeye aliwahi kuijua.

"Samahani," alisema Mgeni. "Sijui nalia nini. Wala simjui."

"Lia tu," alisema Mama Taratibu. "Mimi kilio kimenikataa."

Mgeni alipomaliza alijifuta uso, akakirudisha kitambaa kimekunjwa vizuri, akagundua kimelowa, akakichukua tena. "Ninalichukua gari," alimwambia kijana. "Bima kubwa." Na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kikapinda kidogo, kikawa kama cha watu: "Andika bwana, tusikae hapa mpaka jioni."

Siku ya kulikabidhi, shemeji alikuja amevaa shati la kwenda kazini ingawa haikuwa siku ya kazi. Alilifuta gari vumbi ambalo halikuwepo. Alimwonyesha Mgeni jinsi kioo cha nyuma kinavyogoma na jinsi ya kukibembeleza. Lilipoondoka, likiwa na namba zilezile na kadi mpya yenye jina la mtu wa mbali, herufi zote zimetimia, shemeji alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko. Mama Taratibu alimpelekea maji ya kunywa. Alimkuta amevua miwani, anapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Mimi ni mjinga," alisema shemeji. "Gari tu."

"Kunywa maji, shemeji."

"Wewe huoni kitu?"

"Naona," alisema. "Naona kama watu wanavyoona kitu kilicho dukani."

Shemeji hakuelewa, lakini alikunywa maji yote.

Miezi ile ikapita. Gari lilisimama kila siku kwenye maegesho ya hospitali, karibu na tangi la maji, na Mama Taratibu alipita kando yake akienda zamu na akirudi. Mgeni alizoea upande wa barabara, akazoea mpaka kuwatukana wenzake madirishani kwa matusi ambayo hayakufundishwa darasani. Redio alijigamba kwamba hayo ni matunda ya mikono yake. Ikinyesha, Mgeni alipiga honi dirishani pa chumba cha kufulia, akawarudisha wote wawili nyumbani. Redio alikaa nyuma, akijaza kiti, akihadithia. Mama Taratibu alikaa mbele. Chini ya miguu yake palikuwa na zulia tu. Walipofika kwenye mzunguko, mguu wake ulikuwa bado unakanyaga, na zulia lilipokea.

Mkataba ulipokaribia kwisha Mgeni alikuja tena kusimama mlangoni kwenye mvuke. Alisema anatakiwa auze gari kabla ya kibali kuisha, la sivyo atakuwa na gari katika nchi ambayo yeye hayumo. Akaeleza kwamba, kabla hajamwambia mtu yeyote, amekuja kwake kwanza. Bei ndogo. Bei ya kurudisha.

Redio alinyamaza. Watu wa chumba kile walikumbuka kwa muda mrefu kwamba siku hiyo Redio alinyamaza.

Mama Taratibu alilifikiria, kwa kuwa aliona Mgeni anastahili jambo lake lifikiriwe. Aliliona gari likirudi ubavuni mwa nyumba. Aliliona turubai.

"Hapana," alisema. "Ahsante, mwanangu. Muuzie mtu mwingine."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akalinunua mkunga wa wodi ya wazazi, mwanamke mwenye haraka, anayeitwa usiku na mchana. Mgeni akapita tena kwa karani wa pua na kwa kijana wa bima, mara hii kama muuzaji, na alipoulizwa kuhusu tukio lolote alilitaja, kwa utulivu, na mkunga akasema yeye watu wanaokufa na wanaozaliwa ndiyo kazi yake, wapi asaini. Mgeni akaondoka asubuhi moja na masanduku yake mawili. Aliwakumbatia wote chumba cha kufulia, akamkumbatia Mama Taratibu mwisho, kwa muda mrefu. Mama Taratibu alisimama ndani ya mikono ile na kunusa sabuni ya hosteli. Kisha akarudi kwenye mashuka, maana wodi ya upasuaji ilikuwa inangoja.

Jioni binti yake alimpigia simu kutoka mji anakofanya kazi. Walizungumza habari za kawaida, mvua, kodi ya nyumba, mtoto aliyeota jino. Mama Taratibu akamweleza kwamba gari limeuzwa tena, lina mwenyewe mwingine.

"Na wewe unajisikiaje, mama? Niambie kweli, usiniambie sijambo."

Mama Taratibu alisimama katikati ya jiko, simu sikioni, akajisikiliza kama alivyoombwa. Alipita huko ndani chumba kwa chumba, na kwingi kulikuwa vilevile, kimya, mapazia yameshushwa. Lakini mahali fulani chini, chini ya mbavu, palikuwa na kitu kinachojinyonganyonga. Ilimchukua muda kukitambua. Miezi yote ile alikuwa akila kwa sababu saa ya kula imefika, sahani ikiwa mbele yake anaimaliza, isipokuwepo haiulizii.

"Nina njaa," alisema.

"Nini?"

"Njaa, mwanangu. Njaa kabisa, ya kuuma."

Kule upande wa pili binti hakujua acheke au alie, akafanya vyote kidogo kidogo. "Basi kata simu ule, mama. Kuna nini hapo?"

Mama Taratibu alifungua kabati. Kulikuwa na mkate wa jana na mayai. Aliweka simu chini bila kuikata, akawasha jiko, akavunja yai la kwanza kwenye kikaango, akavunja la pili. Akafikiri kidogo, akaongeza la tatu. Hakungoja yaive sawasawa. Alikula akiwa amesimama, kwa mkono, akichovya mkate kwenye kiini. Yai lilimchoma ulimi, naye akalisikia lilivyochoma, akapuliza, akaendelea kula.